Jinsi ya Kuanzisha Matembezi ya Familia Katika Eneo Moja la Jirani

Penye miti hapana wajenzi, na mara nyingi msemo huu huwahusu watu wa mashamba. Familia inayoishi kati ya makonde, vichaka na vijito hupita sehemu hizo kila siku kwenda malishoni, kisimani na kulima, lakini ni nadra kuikuta imekaa saa nzima kando ya kijito bila ndoo wala jembe, ikitazama tu kilichomo. Watoto wake huujua mti kwa kivuli chake na kwa kuni zake, wasijue ni ndege gani anayetaga humo. Maelezo yafuatayo ni kwa ajili ya familia ya namna hiyo, yaani familia ambayo tayari iko nje kwa kazi na sasa inataka kuwa nje kwa furaha na kujifunza.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kuchagua eneo moja dogo lililo karibu na kulirudia mara nyingi, badala ya kutafuta mahali papya kila mnapopata nafasi. Katika matembezi ya kwanza watoto hukimbia huku na huko na kuona mambo makubwa tu. Wakishazoea njia ndipo huanza kugundua kwamba jiwe fulani limehama, kwamba kiota kimeongezewa majani, kwamba maji yamepungua. Kurudia kuna faida nyingine ambayo wazazi wenye mifugo na mazao wataithamini: eneo la karibu linaweza kutembelewa kwa saa moja na nusu kati ya kazi mbili, hivyo matembezi hayasubiri siku isiyo na shughuli, ambayo shambani haifiki.

Kuchagua eneo

Eneo zuri ni lile ambalo mtoto mdogo kuliko wote anaweza kulifikia kwa miguu yake ndani ya nusu saa bila kubebwa. Tafuteni mahali ambapo mazingira mawili yanakutana, kwa mfano ukingo wa msitu na malisho, au mpaka wa maji na nchi kavu, kwa kuwa hapo hupatikana viumbe wa pande zote mbili. Kukiwa na maji kidogo, mti mmoja mkubwa na sehemu iliyo wazi ya kutazamia anga, familia ina vitu vya kuishughulisha kwa miaka. Kama ardhi ni ya jirani, ruhusa iombwe mapema na iwe ya wazi, ikiwa ni pamoja na kuelewana juu ya kuwasha moto, kuokota vitu na kufungua mageti.

Kabla ya watoto kufika, mtu mzima alitembee eneo lote peke yake, kwa saa ileile ambayo familia itakuwa inakwenda. Anachotafuta ni hatari za kijijini, ambazo kwa kuzizoea hatuzihesabu tena: kisima au shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa mbao zilizooza, kingo za mto zinazobomoka, mizinga ya nyuki, matawi makavu yaliyoning'inia, dume la ng'ombe linalochungwa bila kufungwa, na nyaya za uzio wa umeme. Shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu au magugu lisiingiwe kabisa mpaka muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa hiyo upite. Watoto huchuma majani na kutia vidole mdomoni, na dawa haionekani kwa macho.

Mwendo na mzigo

Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, aliweka kanuni ambayo bado hutumika: mtu mzima mwenye afya atembee kilomita 5 kwa saa, na aongeze saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Kanuni hiyo inafaa kukadiria mwendo wa mtu mzima asiyesimama njiani. Familia yenye mtoto wa miaka minne igawe kasi hiyo kwa mbili, kisha ikubali kwamba siku nyingine haitafika popote kwa sababu siafu wamekatiza njia na mtoto amechuchumaa kuwatazama. Siku hiyo haijapotea. Siafu ndio matembezi yenyewe.

Kinachosaidia zaidi kuliko hesabu ya kilomita ni kupanga saa ya kugeuka na kuishika. Kama mmetenga saa mbili, geukeni saa moja ikitimia, hata kama bado mna nguvu, kwa maana mtoto hachoki polepole kama mtu mzima. Huwa mzima kabisa, kisha ghafla hawezi tena. Asiye na saa anaweza kukadiria muda uliobaki kabla ya jua kuzama kwa kunyoosha mkono mbele na kupanga vidole kati ya ukingo wa chini wa jua na upeo wa macho, ambapo kila kidole ni kama dakika 15. Kadirio hili hufaa zaidi mahali ambapo jua huzama moja kwa moja bila kupita mshazari mrefu, na asitazamwe jua kali kwa macho makavu wakati wa kulifanya.

Mkoba wa mtoto usizidi takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo 25 abebe kilo mbili na nusu, na maji yahesabiwe humo. Mtu mzima abebe huduma ya kwanza, kibano, maji ya ziada, tochi na kamba. Kila mtoto awe na filimbi shingoni na afundishwe jambo moja kabla ya mengine yote: akijikuta peke yake, asimame palepale, akumbatie mti au akae kando yake, na apulize mara tatu, atulie, apulize tena mara tatu, mpaka afikiwe. Mtoto aliyepotea akabaki mahali pamoja hupatikana upesi kuliko anayejaribu kutafuta njia ya kurudi. Jambo hili lifanyiwe mazoezi kama mchezo wa kujificha, ili siku likitokea kweli lisiwe geni.

Daftari la familia

Kama ningeruhusiwa kupendekeza kifaa kimoja tu, kingekuwa daftari lenye jalada gumu na penseli, kwa sababu wino huyeyuka ukilowa. Daftari liwe moja kwa familia nzima na liandikwe palepale nje, kwa kuwa kinachoandikwa nyumbani jioni huwa kimeshapunguzwa na kupambwa. Kila ukurasa uanze na tarehe, saa, hali ya hewa na majina ya waliokuwepo. Baada ya hapo kila mmoja achangie walau jambo moja. Asiyejua kuandika achore, na mchoro wake usisahihishwe. Mambo yanayostahili kupewa kipaumbele ni yale ya mara ya kwanza katika mwaka: ua la kwanza la mti fulani, mvua ya kwanza, siku vyura walipoanza kulia, siku mbayuwayu walipoonekana.

Kazi hii inaonekana ndogo, lakini kuna familia moja iliyoonyesha inavyoweza kwenda mbali. Mwaka 1736, huko Norfolk nchini Uingereza, mwenye shamba aitwaye Robert Marsham alianza kuandika tarehe ambazo miti ya kwao ilitoa majani, maua yalichanua, vyura walilia na ndege wahamao walirudi. Watoto na wajukuu wake waliendelea na orodha hiyo, kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1958. Leo wanasayansi wanaochunguza mabadiliko ya tabianchi huzitumia kumbukumbu hizo, kwa kuwa ni adimu kupata mahali pamoja palipotazamwa kwa zaidi ya miaka 200. Marsham hakuhitaji chombo chochote cha kipekee. Alihitaji kukaa mahali pamoja na kuandika.

Kuhusu majina ya viumbe, ningependa mzazi asiwe na haraka. Mtoto akiuliza jina la ndege, mrudishie swali kwa kumtaka aeleze kwanza alichokiona: ana ukubwa gani akilinganishwa na ndege anayemjua vizuri, mdomo wake ni mwembamba au mnene, anaruka vipi, anakula nini, na mwisho ndipo zitajwe rangi, ambazo hubadilika kwa mwanga na kudanganya. Programu za simu zinazotambua ndege kwa sauti au mimea kwa picha zina manufaa, ila zifunguliwe baada ya maelezo kuandikwa. Simu ikitangulia, mtoto hupata jina na kuacha kutazama.

Asubuhi: ndege na kukaa kimya

Saa mbili za kwanza baada ya mapambazuko ndizo zenye ndege wengi na sauti nyingi kuliko wakati mwingine wa mchana, na kwa bahati nzuri watu wa shamba huwa wameshaamka. Familia inayotaka kununua darubini ya macho mawili itafute iliyoandikwa 8x42 au inayokaribiana nayo. Namba ya kwanza ni idadi ya mara ambazo kitu hukuzwa, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya kukuza mara 10 au 12 huonekana bora dukani, lakini hukuza pia mtetemo wa mkono, na mtoto hawezi kuituliza. Mfundisheni kumkazia ndege macho, kisha ainue darubini hadi machoni bila kuhamisha macho hata kidogo. Wanaoanza kwa kutazama darubini ndipo wamtafute ndege humkosa karibu kila mara.

Zoezi la kukaa kimya halihitaji hata darubini. Kila mtu achague mahali pake, ndani ya upeo wa macho ya mtu mzima, akae bila kusema neno kwa dakika 10. Wadogo waanze na tatu. Ndege na mijusi waliojificha wakati familia inafika huanza kurejea, na mnaporudi pamoja kulinganisha, mtashangaa kwamba watu watano waliokaa hatua chache kutoka kila mmoja wameona mambo matano tofauti. Viota visiguswe wala kukaribiwa, kwani ndege anayesumbuliwa anaweza kuvitelekeza, na njia mnayoikanyaga humwonyesha mwindaji mahali vilipo.

Kijito na matope yake

Maji ndiyo sehemu tajiri kuliko zote, na ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote, kwa hiyo nitaanza na sheria. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono kutoka kwa mtu mzima mmoja aliyepewa kazi hiyo peke yake, bila simu na bila mazungumzo. Kuzama hutokea kimya, bila kelele wala kupunga mikono, na mtu aliye hatua kumi anaweza asitambue. Watoto wasiingie maji yanayopita magoti yao. Maji yaendayo kasi hayaaminiki hata yakiwa chini ya hapo, kwa sababu kina cha sentimita 15 tu kinaweza kumwangusha mtu mzima. Mawingu mazito yakionekana upande maji yanakotoka, tokeni, hata kama mlipo kuna jua. Mahali penye kichocho watoto wasiingie majini kabisa, bali wabaki ukingoni na kutumia kichujio chenye mpini mrefu, na penye wanyama hatari hata ukingo wenyewe uachwe.

Baada ya hapo furaha ianze. Chukueni beseni jeupe, mlijaze maji ya kijito hadi vidole viwili kutoka chini, na mtu mzima ainue jiwe moja taratibu huku kichujio kikiwa upande maji yanakoelekea. Vinavyonaswa vimiminwe ndani ya beseni, ambamo weupe wa chini huonyesha hata kijidudu cha milimita mbili. Huko mtapata viluwiluwi vya chura, konokono, na huenda mtoto wa kereng'ende, kiumbe wa kahawia asiye na mbawa ambaye huishi majini kwa miezi, na aina nyingine kwa miaka, kabla ya kupanda juu ya unyasi, kupasuka mgongoni na kutoka akiwa na mbawa. Magamba matupu aliyoyaacha hubaki yameshika nyasi, na mtoto akionyeshwa gamba moja huyatafuta mwenyewe siku zote. Beseni liwekwe kivulini, viumbe virudishwe majini baada ya dakika chache, na jiwe lirudi lilipokuwa, upande uleule chini, maana upande huo una mayai na makazi ya wengine.

Matope ya ukingoni ni ukurasa unaoandikwa upya kila usiku. Lainisheni sehemu moja kwa ubao jioni, mrudi asubuhi kuona aliyepita. Unyayo wa jamii ya mbwa huwa na alama za kucha mbele ya vidole, ilhali wa jamii ya paka kwa kawaida hauna, kwa kuwa paka hurudisha kucha zake ndani anapotembea. Unyayo mzuri unaweza kuhifadhiwa: zungusheni ukanda wa kadibodi kuuzunguka, changanyeni vikombe viwili vya unga wa plasta na kikombe kimoja cha maji hadi uwe mzito lakini bado unamiminika, mmwage polepole kutokea pembeni, kisha msubiri walau nusu saa kabla ya kuunyanyua. Plasta hutoa joto inapoganda, hivyo mtu yeyote asitumbukize mkono ndani yake. Udongo ulioshika chini huoshwa siku inayofuata, ikishakauka kabisa. Kabla ya kula chochote, kila mtu anawe mikono kwa sabuni, na mkifika nyumbani kagueni kupe nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti. Anayepatikana avutwe moja kwa moja kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, bila kuzungushwa na bila kupakwa mafuta.

Anga la usiku

Hapa familia ya kijijini ina utajiri ambao ya mjini haiwezi kuununua, yaani giza. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 ili yazoee giza vizuri, na mwanga mweupe wa tochi moja huyarudisha mwanzo. Funikeni tochi kwa kitambaa chekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauyasumbui sana. Kalenda ya mwezi ipangwe mapema. Mwezi mpevu huchomoza karibu na saa jua linapozama na kufuta nyota nyingi, kisha huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki moja baadaye nusu ya kwanza ya usiku huwa na giza la kutosha. Siku zilizo karibu na mwezi mwandamo ndizo bora kwa nyota.

Anzeni na vinavyoonekana bila msaada. Kilimia huonekana kama kundi dogo la nyota zilizosongamana, na watu wengi huhesabu sita. Mashindano ya nani anahesabu zaidi huwafurahisha watoto sana. Zuhura haipatikani usiku wa manane, bali baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Mshtarii ikiwa juu, iegemezeni darubini ya 8x42 kwenye nguzo ya uzio ili itulie, nanyi mtaona kando yake vijinukta hadi vinne vilivyojipanga karibu katika mstari mmoja. Hiyo ni miezi ileile ambayo Galileo aliiona mwezi Januari 1610. Ichoreni kwenye daftari, mrudi kesho yake, na mtoto ataona mwenyewe kwamba imehama. Sidhani kuna somo la sayari linaloweza kulishinda hilo. Kwa vimondo, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba ni miongoni mwa nyakati nzuri za mwaka, alimradi mwezi hauangazi.

Wakati macho yanazoea giza, masikio yapewe kazi. Mwaka 1897 mwanafizikia wa Marekani, Amos Dolbear, alichapisha kanuni inayohusisha kasi ya mlio wa nyenje na joto la hewa. Kwa nyenje wa mitini wa Marekani kaskazini, hesabu ya milio ya sekunde 8 ikiongezwa 5 hukaribia joto kwa nyuzi za selsiasi. Nyenje wa kwenu huenda wana kasi yao, na hapo ndipo utamu ulipo: tundikeni kipimajoto mtini, hesabuni milio ya nyenje mmoja katika usiku wa baridi na wa joto, mtafute kanuni ya familia.

Kulala nje

Usiku wa kwanza wa kulala nje uwe karibu kabisa na nyumba, na iwe imekubaliwa mapema kwamba anayetaka kurudi ndani saa yoyote anarudi bila kuchekwa. Hema au turubai yenye chandarua isiwe chini ya mti wenye matawi makavu, wala kwenye bonde ambalo maji hupita, wala kwenye njia ya mifugo. Maji ya kijito yatakayonywewa yachemke kwa nguvu kwa dakika moja kamili, na dakika tatu kwenye nyanda zilizo juu ya mita 2,000. Kuhusu radi, hesabuni sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, ingieni katika nyumba imara au gari lililofungwa, msikimbilie mti uliosimama peke yake, na msitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema si kinga.

Vijana waliofikia miaka 13 hivi, ambao wameanza kuona matembezi ya wazazi kuwa ya kitoto, wapewe uongozi wa kweli usiku huu: kuchagua mahali pa hema, kupanga zamu za moto, kuamua saa ya kulala. Uongozi wa kuigiza wanautambua mara moja na kuudharau. Mzazi abaki na mamlaka ya usalama peke yake na avumilie hema lililopinda.

Moto uwe mdogo, juu ya udongo mtupu, mita kadhaa kutoka kwenye nyasi kavu, na usiwashwe kabisa wakati wa kiangazi kikali au upepo. Asubuhi umwagiwe maji, ukorogwe kwa kijiti hadi chini, umwagiwe tena, na vipande vikubwa vigeuzwe, kwa sababu kaa huishi muda mrefu chini ya majivu. Mtu mzima ayapitie majivu kwa nyuma ya mkono, kwanza kwa juu na kisha kwa kuyagusa. Yakiwa bado na joto, kazi inarudiwa, na hakuna anayebeba mkoba wake mpaka yawe baridi.